Mgomo wa Chungu cha Nili

Chungu kilikufa kwa mara ya pili, na mama mkwe, badala ya kukitazama chungu, alimtazama mkaza mwana wake tumboni.

Mama mkwe alikuwa amechutama uani, mkono wa kulia umezama kwenye rangi hadi kiwikoni. Juu ya chungu cha nili kilicho hai hukaa povu la buluu lenye mng'ao wa shaba, na harufu yake, ingawa inatoa machozi, ni harufu ya kitu kinachofanya kazi. Hiki kilikuwa kimya. Povu limezama, maji yamekuwa kama ya kuoshea masufuria. Alichovya kidole, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema pembeni. Kisha akavuta kishada cha uzi alichokitumbukiza asubuhi. Uzi ukatoka kijivu.

"Kimezira," alisema.

"Labda jivu limepoa, mama," mkaza mwana alisema kutoka mlangoni, alikokuwa akisokota pamba.

"Jivu nimelitia mimi."

"Basi labda majani yalikaa sana."

"Majani nimeyachuma mimi." Akaufuta mkono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Cha kwanza kilipokufa nilisema bahati mbaya. Sasa sisemi bahati. Nasema mtu."

Ndani, kitanda cha kufumia kiliendelea kugonga. Mfumaji, mume wa mama mkwe, alikikalisha sebuleni, nacho kimeijaza sebule nzima. Wageni wakija wanakaa ukumbini, miguu wameikunja. Mtoto wao wa pekee alikuwa utingo wa malori ya masafa marefu, na hakuwa amelala nyumbani tangu kabla ya mvua. Alichoacha nyuma ni mke, msokotaji hodari, na simu inayopokelewa siku akipenda.

Kazi iliyokuwa mkononi ilikuwa kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Jumba la makumbusho lilitaka vazi zima, lifanane na vipande vilivyookotwa kwenye kaburi la kale ndani ya pango kavu. Uzi usokotwe kwa mkono, kitambaa kifumwe kwa mkono, nyekundu itoke kwenye mizizi, manjano kwenye magome, buluu kwenye majani ya nili. Wataalamu walipovipima vile vipande waliona kwamba buluu ya wazee ililowekwa kwenye mkojo uliochacha, na wakataka ifanywe hivyo hivyo. Walilisema jambo hilo kwa aibu, kwa maneno mengi ya kuzunguka. Mama mkwe, ambaye ndiye mtia rangi, alicheka hadi akakaa chini. Bibi yake alifanya hivyo, mama yake alifanya hivyo, na yeye amefanya hivyo maisha yake yote huku akiwaambia wateja ni dawa ya mizizi.

Kwa hiyo kila alfajiri watu watatu wa nyumba ile walileta chao na kukimimina kwenye mtungi nyuma ya choo. Mtungi ukichacha ndio unaolisha chungu. Mtaani hakuna aliyejua, na kama wangejua, wasingevaa tena hata kitambaa cha kichwa kutoka kwa watu wale.

"Wenye kazi hii wanasema," mama mkwe alimwambia mkaza mwana, sasa kwa sauti ya upole, ile ya kutisha, "chungu kinakataa maji ya mwanamke mwenye mimba ya wizi."

Kijiti cha kusokotea kikasimama.

"Mama, unasema nini?"

"Nasema wanavyosema."

*

Mwanamke wa jumba la makumbusho alikuja wiki hiyo hiyo. Mtaani walimwita Bibi Glovu, kwa sababu hakugusa kitu bila kuvaa glovu nyeupe. Hata kiti alichopewa alikifuta kwanza. Alikitazama kitambaa kwenye kitanda cha kufumia, akapiga picha, akasema ni kazi nzuri sana, nzuri mno, jinsi mikono ya watu wa kawaida ilivyo na kumbukumbu.

"Mtaandika majina yetu pale kwenye kibao?" mfumaji aliuliza.

"Tutaandika 'mafundi wa jadi'. Inapendeza zaidi." Akageuka. "Na buluu?"

"Inakuja," mama mkwe alisema.

"Kwa sababu mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi. Kuna kiwanda kimesema kinaweza kutoa inayokaribia. Watazamaji hawatajua tofauti."

Mfumaji akakohoa. Bibi Glovu akarudi nyuma hatua moja, kwa heshima, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Mzee anaumwa? Ninauliza tu. Watoto wa shule watalishika vazi hili."

"Vumbi la pamba," mama mkwe alidakia kabla mume wake hajafungua mdomo. "Kila mfumaji ana kikohozi. Ni kama wewe na glovu zako."

Bibi Glovu alicheka kidogo. Mkaza mwana hakucheka. Aliona jinsi jibu lilivyotoka haraka, kama kitu kilichokuwa kimeshikwa mkononi tayari.

*

Duka la dawa lilikuwa kona ya barabara, na muuzaji wake, kijana mwenye koti jeupe lililofupika mikono, aliitwa dokta na watu wote pamoja na yeye mwenyewe. Palikuwa na foleni: muuza mkaa, mama mwenye mtoto mgongoni, fundi baiskeli aliyeumia kidole.

"Dokta," mama mkwe alisema, na hakupunguza sauti, "nipe kile kijiti cha kupimia mimba. Si changu, nimeshastaafu. Cha huyu. Mume wake yuko safarini miezi mingi, na chungu changu cha rangi kimekufa mara mbili."

Foleni ikageuza shingo moja. Mkaza mwana akatazama kopo la unga wa watoto kwenye rafu, akalisoma juu hadi chini, kisha akalisoma tena.

"Anaweza kwenda choo cha nyuma," dokta alisema, na kwa kweli alikuwa na huruma. "Funguo hizi hapa, dada."

Alirudi na kijiti. Dokta akakitazama. "Hakuna kitu."

"Tazama vizuri."

"Mama, mstari ni mmoja. Hakuna kitu."

Mama mkwe alivuta pumzi. "Basi ameshaitoa," alisema, akalipa, akatoka.

Hapo ndipo mkaza mwana alipoelewa kwamba hakuna kipimo kitakachomwokoa. Akiwa nayo ni mwizi, asipokuwa nayo ni muuaji. Muuza mkaa aliguna. Kufika jioni, guno lile lilikuwa limeshafika bombani na limepewa mikono na miguu.

"Chungu kikifa mara ya tatu," mama mkwe alimwambia njiani, "nakurudisha kwenu, na nitawaambia kwa nini. Mume wako nimeshampigia."

"Umemwambia nini?"

"Nilichokiona."

"Umeona nini, mama?"

Mama mkwe alikaza mwendo, akatangulia. Mkaza mwana alimpigia mumewe mara nne kabla hawajafika nyumbani. Simu iliita tu.

*

"Tuvitenge," mkaza mwana alisema kesho yake. Alikuwa amesimama kati ya mlango na kitanda cha kufumia, wote wawili wakimsikia. "Vijungu vitatu. Majani yale yale, jivu lile lile. Kila mtu kijungu chake na maji yake peke yake. Kitakachokufa kitasema."

"Mambo ya kitoto," mfumaji alisema upesi.

"Kitoto wapi," mama mkwe alisema. "Mimi nataka. Nataka sana."

Kila mmoja akafunga uzi shingoni mwa kijungu chake: mama mkwe mwekundu, mfumaji wa manjano, mkaza mwana mweupe usiotiwa rangi. Yeye aliuzungusha, akaziunga ncha kwa kuzisokota pamoja hadi zikawa uzi mmoja. Msokotaji hafungi fundo. Fundo kwenye uzi ni aibu yake, na mkono wake ulikuwa umesahau kabisa namna ya kufunga. Vijungu vikafukiwa kwenye jivu la moto, vikafunikwa, vikaachwa.

Siku zile nyumba ilikuwa na watu watatu na macho sita yasiyolala. Mama mkwe alihesabu mara ambazo mkaza mwana alikwenda uani. Mkaza mwana alitazama mama mkwe anavyosuuza vikombe, akaona kikombe kimoja kinachemshwa peke yake na kuwekwa peke yake. Mfumaji alifuma vibaya. Alikata mtande, zile nyuzi za urefu, mara mbili kwa asubuhi moja, mtu aliyekuwa akisifiwa kwamba hajakata hata akisinzia.

Vikafunuliwa. Chenye uzi mwekundu: povu la shaba, hai. Chenye uzi wa manjano: hai, kinatoa mapovu kama kinachekelea. Chenye uzi mweupe: kimya, maji ya masufuria.

"Haya," mama mkwe alisema. Alikuwa amechutama, na kiganja chake kilikuwa kimeikumbatia shingo ya kile kilichokufa. "Chako hicho. Kafunge mizigo."

Mkaza mwana alitazama kijungu. Kisha akatazama kiganja.

"Toa mkono, mama."

"Wa nini?"

"Toa tu."

Haukutoka. Akamshika kifundo cha mkono, akaunyanyua, jambo ambalo mkaza mwana hamfanyii mama mkwe mahali popote duniani. Uzi mweupe ulikuwa pale. Katikati yake palikuwa na fundo: dogo, bapa, limekazwa, ncha zake zimekatwa kwa meno. Ndivyo mfumaji anavyounga mtande uliokatika, mara elfu katika maisha yake, bila kutazama, hata kwenye giza la alfajiri anapobadilisha nyuzi za vijungu.

*

Mkaza mwana aliuweka ule uzi juu ya kitambaa, mbele ya mikono ya baba mkwe wake. Kitanda cha kufumia kikaacha kugonga.

"Baba, hili fundo la nani?"

"Fundo ni fundo."

"Mimi sifungi mafundo. Wewe mwenyewe ulinisifia ukumbini, mbele ya yule mwenye glovu. Ulisema uzi wangu mtu anaweza kuupitisha jichoni asiumie."

Mfumaji alikohoa kwenye kiwiko, muda mrefu. Alipomaliza alionekana mdogo ndani ya shati lake.

"Nameza dawa za kifua," alisema. "Za miezi sita. Nesi aliniambia mkojo utakuwa mwekundu kama kutu, nisiogope. Aliniambia baada ya wiki chache siambukizi mtu. Kila kitu aliniambia, maskini. Kuhusu chungu hakuniambia, angejuaje? Nilikuja kushtuka ulipotaka tuvitenge. Nikajumlisha: cha kwanza kilikufa nilipoanza dawa."

"Ukajumlisha, ukanihamishia mimi."

"Sema polepole," mama mkwe alisema kutoka mlangoni. "Ukuta huu ni karatasi."

Mkaza mwana akageuka. "Mama, hushangai."

"Nishangae ugonjwa wa mume wangu? Nani unadhani anamchemshia kikombe?"

"Sisemi ugonjwa. Nasema fundo. Uliliona, ukalifunika."

Mama mkwe alikaa kwenye kizingiti. Ni kweli kwamba hadi asubuhi ile alikuwa ameamini kwa moyo wote kwamba mkosaji ni mkaza mwana. Kumshuku mke wa mtoto ni kazi rahisi, mtu anaifanya huku anapika. Lakini jicho lililotazama kazi ya mume wake kwa miaka mingi lilisoma fundo lile kabla kidole hakijaligusa. Na mkono ukaamua wenyewe.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. Hakuwa amemwita mwanangu tangu chungu cha kwanza. "Maji yake hatutayatia tena. Chungu kitapona. Buluu itatoka, kazi itakabidhiwa, tutakula. Mume wako nitampigia. Watu nitawaambia nimekusamehe."

"Umenisamehe nini?"

"Maneno tu. Unajua ninachosema."

"Sijui. Niambie umenisamehe nini."

"Wewe ni kijana. Jina la kijana likichafuka linapona, mtu anazaa mtoto mmoja na watu wanasahau. La huyu likichafuka yule mwanamke hagusi tena mlango wetu, na glovu zake. Ulimsikia. Kiwanda alichokuwa akifuma zamani kilimtoa getini kwa kikohozi alichokipata humo humo ndani, akiwavutia vumbi lao, na hakuna aliyemfuta hata jasho. Unataka atolewe mara ya pili? Beba kidogo. Mwisho wa mwezi si mbali."

Hivi ndivyo mzigo unavyosafiri. Wenye kiwanda wanamtupia mfumaji, mfumaji anamtupia mkewe, mkewe anatafuta mgongo ulio chini ya wake. Na kila anayetua mzigo anaapa kwamba anayeubebesha bado ana nguvu.

"Sitaki kusamehewa," mkaza mwana alisema. "Nataka nisafishwe. Pale pale dukani uliponichafua. Ugonjwa wa baba usiutaje kama hutaki, hilo lako. Lakini useme ulinisingizia."

"Nitasimamaje mbele ya watu niseme hivyo?"

"Kama ulivyosimama siku ile."

*

Hakufunga mizigo. Hakununa. Alipika, alifagia, alisokota uzi mwembamba kuliko siku zote. Ila alfajiri, mama mkwe akielekea nyuma ya choo, yeye alitanda kanga, akapita mlango wa mbele, akaenda hadi choo cha kulipia karibu na stendi.

Mama mkwe alielewa siku ya pili, alipoinamisha mtungi na kusikia unavyolia mtupu. Maji ya mfumaji ni sumu. Yake mwenyewe, mtu mzima aliyezoea kunywa kikombe kimoja kwa siku, hayafiki popote kwa chungu kikubwa cha vazi zima. Na hawezi kubisha hodi kwa jirani akiwa na ndoo na kueleza anaomba nini.

"Umeacha kwenda uani," alisema.

"Naenda stendi."

"Unalipia kitu ambacho nyumbani ni bure?"

"Stendi hakuna anayenihesabia."

Mlinzi wa choo cha stendi, mzee mwenye redio ndogo, alikuwa ameshamzoea. "Dada, leo mara ya tatu. Nikukatie tiketi ya msimu, kama ya mpira?"

"Nikatie. Sijui msimu utaisha lini."

Alikunywa maji mengi, makusudi, mama mkwe akimwona: jagi zima mezani, glasi baada ya glasi, kisha kanga na mlango wa mbele. Mtu angeweza kucheka. Kuna watu wamefunga mageti, wamezima mitambo, wamekaa barabarani mbele ya malori, na wakafukuzwa kama kuku. Huyu hakuwa na geti wala mtambo. Alikuwa na kitu kimoja tu ambacho nyumba ile haikuweza kukitoa kwake kwa nguvu, na alikibeba kila asubuhi kupita mbele ya macho ya mwenye kukihitaji.

Bibi Glovu akapiga simu. Alisema hataki kusumbua, ila kiwanda kimeshatuma kipande cha mfano na kwa kweli kinapendeza.

Baada ya simu ile mfumaji aliacha kufuma mchana, akainuka, jambo asilolifanya. Mke wake alikuwa uani, amekaa karibu na chungu kitupu.

"Nenda ukaseme," alimwambia.

"Nikisema alisingiziwa, watauliza basi chungu kiliuliwa na nini. Duka zima linajua kuna chungu kilichokufa, nilikisema mimi. Nikijibu, utafuma wapi?"

"Hapa hapa. Kitanda hakiendi popote, kimeziba mlango."

"Usinifanyie utani."

"Siku ile getini nilinyamaza," mfumaji alisema. "Nilichukua kofia yangu nikaondoka, nikadhani kunyamaza ni adabu. Sasa kikohozi kile kile kinamtoa mtoto wa watu mlangoni, na mimi ndiye niliyemfungia fundo. Sema lote. Ukiona ulimi mzito nitakwenda mimi, lakini nikikohoa mle watakimbia kabla sijamaliza."

*

Mama mkwe na mkaza mwana walikwenda dukani, wawili, asubuhi, foleni ikiwa ndefu. Mama mkwe alivaa kitambaa chake kizuri cha kichwa, buluu ya zamani, iliyotoka kwenye chungu kilichokuwa hai. Dokta alipowaona aliangalia chini, akatafuta kitu kwenye droo.

"Dokta, leo sinunui kipimo," mama mkwe alisema. Sauti yake haikufika mbali. Akaipandisha hadi ile ya siku ile. "Nimekuja kwa maneno niliyoyaacha hapa. Huyu mke wa mwanangu nilimsingizia. Hakuwa na mimba. Hakutoa kitu. Hajalala nje. Chungu changu cha rangi kilikufa, nikatafuta mtu wa kumwangushia."

Muuza mkaa, ambaye siku hizi alikuwa na dawa ya kununua kila siku, alisogea asikie vizuri. "Na chungu kiliuliwa na nini basi?"

Mkaza mwana alimtazama mama mkwe. Hili hakuliomba. Alifungua mdomo aseme kwamba hilo si la dukani, lakini mama mkwe alikuwa ameshaanza.

"Mume wangu anameza dawa za kifua. Rangi yetu inalowekwa kwenye mkojo, ndiyo, mkojo, na nyie mmeivaa miaka yote mkaisifia. Dawa zake zimeua chungu. Nilipojua, nilimfunika yeye nikamwacha huyu aoze. Mwanangu wa safarini nimempigia alfajiri nikamwambia hivi hivi."

Fundi baiskeli alikuwa amevaa fulana ya buluu. Aliivuta mbele kwa vidole viwili, akaitazama.

"Hiyo ya kiwandani," mama mkwe alimwambia. "Usijipe hadhi."

Hakuna aliyecheka. Neno kifua lilikuwa limeshafanya kazi yake. Mama mwenye mtoto alimhamisha mtoto upande wa pili na kurudi nyuma. Muuza mkaa naye. Foleni ikajipinda kama uzi ulioguswa na moto, na mama mkwe akabaki mbele ya kaunta na duara tupu kumzunguka, mikono imening'inia, kiganja kimoja bado na buluu kwenye mistari yake.

Mkaza mwana alisimama kidogo pale alipokuwa. Alikuwa ameshapata alichokidai. Angeweza kutoka na hakuna ambaye angemlaumu. Kisha akapiga hatua, akaingia kwenye lile duara, akasimama bega kwa bega naye.

"Wiki chache za dawa na mtu haambukizi," aliiambia foleni. "Si ndivyo, dokta?"

"Ndivyo," dokta alisema. "Ndivyo kabisa." Kwa aibu ya kutojua afanye nini zaidi, akauliza, "Nikupeni nini?"

"Maji," mama mkwe alisema. "Chupa kubwa. Mbili."

"Baridi?"

Mama mkwe alimgeukia mkaza mwana wake na kusubiri jibu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu aolewe nyumba ile kuulizwa kitu na jibu likasubiriwa.

"Ya kawaida," mkaza mwana alisema. "Leo stendi siendi." Akaifungua moja pale pale kwenye kaunta, mbele yao wote, akanywa hadi nusu bila kupumzika.